Tusigawane ardhi kwa mashina ya chai

Na Cherotich Langat

Ukimwuliza mkulima wa Litein au Mogogosiek shamba lake ni kubwa kiasi gani, mara nyingi hatataja ekari. Atakwambia ana mashina 2,000, au 5,000. Kwake jibu hilo limekamilika, maana mashina ndiyo yanayoleta kilo kituoni na kilo ndizo zinazolipa karo.

Ubaya huanza mzee anapofariki na wanawe wakagawana kwa hesabu hiyo hiyo. Chai iliyopandwa kwa nafasi ya futi 4 kwa 2 na nusu huingia mashina 4,356 hivi katika ekari. Iliyopandwa futi 5 kwa 2 na nusu huingia kama 3,485. Sasa mpe kila ndugu mashina 2,000. Kwa pointi zetu, 10 kwa ekari, mmoja amepata 4.6 na mwenzake 5.7. Pointi nzima imekwenda upande mmoja, na wazee wameshatia saini. Ugomvi hungoja siku ya kung'oa chai ili mtu ajenge. Na binti au mjane aliyeachiwa kipande kisicho na chai, yeye atahesabu nini?

Ekari inayopimwa kwa hatua 70 kwa 70 nayo haiaminiki. Hatua hizo hukaribia ekari pale tu kila hatua inapotimia yadi moja. Anayepiga hatua za sentimita 75 atakuuzia "ekari" isiyofika hata pointi 7. Wanunuzi wa ploti huko Kapsoit na Silibwet wajue pia kwamba ploti ya 50 kwa 100 inayoitwa thumuni ni futi za mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ya ekari ni 5,445.

Hati miliki yenyewe huandikwa kwa hekta, kipimo ambacho hakisikiki tukipatana bei. Tena kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema ramani huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilipendekeza mashamba ya kampuni kubwa za chai Kericho na Bomet yapimwe upya. Naliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wote, na uchungu wa wenyeji waliofukuzwa humo enzi za ukoloni haujapoa. Lakini upimaji tunaoudai kwa kampuni, mbona tunawanyima dada zetu?

Kugawa shamba kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Bodi isiitoe kabla ya kuona mchoro wa sarveya, na kila sehemu iandikwe kwa hekta, ekari na pointi, warithi wote wakiwepo, mabinti wakiwemo. Sarveya ni ghali, najua. Serikali za kaunti zetu mbili zitenge fedha kwenye bajeti, sarveya afike kila wadi kwa siku zinazojulikana, na familia isiyo na uwezo ipimiwe bure.