Maina ya Biashara: Ichukue, Lakini Si kwa Sababu ya Mjomba

Ukisoma fasihi, historia au falsafa hapa Kenya, kuna swali utaulizwa kila Krismasi ukienda ushago: "Na hiyo itakupa kazi gani?" Mjomba anauliza huku akitafuna nyama, hata jibu hangojei. Ni hilo swali linalowasukuma wengi wetu kuchukua maina ya biashara. (Kwa wasioujua mfumo huu ulioletwa na vyuo vya mtindo wa Marekani, maina ni kozi ndogo unayobeba kando ya meja yako. Si jina la mtu wa Nyeri.)

Mimi nasema ichukue. Lakini kama ni ya kumnyamazisha mjomba, bana, utakuwa umetupa pesa.

Tuanze na gharama, kwa sababu watu hawaiongelei. Maina huwa yuniti 6 au 7 hivi, nyingi za krediti 3, na vyuo vingi vya kibinafsi hulipisha kwa krediti. Hizo yuniti zinakula zile nafasi ulizoachiwa ujichagulie mwenyewe. Yaani Kifaransa unakiacha, au uandishi wa tamthilia, au ile yuniti ya filamu ambayo kila mtu anaisifu. Halafu zina foleni: fedha huingii kabla ya uhasibu. Ukianza mwaka wa tatu, unaweza kubaki ukingoja yuniti moja ifundishwe huku wenzako wanapima majoho.

Na usidanganyike kwamba itakupeleka benki. Mwenye BCom na CPA ya KASNEB yuko mbele yako kwenye hiyo laini, na ni haki yake.

Sasa mbona nasema uichukue? Kwa sababu msanii wa Kenya ni biashara tayari, apende asipende. Kampuni inakupa 15,000 uitengenezee video. Unaruka kwa furaha. Sasa toa 3,000 za kukodisha lenzi, 1,200 za matatu na boda, 500 za bandol. Umebaki na 10,300. Umefanya kazi siku nne, kwa hivyo kila siku ni 2,575, na hapo hatujagusa laptopu inayozeeka. Wakikwambia watalipa baada ya siku 60, faida iko kwa karatasi lakini nauli ya kesho huna. Tofauti ya faida na pesa mkononi ni somo la uhasibu wa mwanzo kabisa. Wengi wetu tunafundishwa na landilodi.

Mikataba ndiyo inaniuma zaidi. Rafiki yangu mshairi aliitwa na shirika moja arekodi shairi lake. Alipewa kurasa mbili atie sahihi. Katikati kulikuwa na kifungu kinachowapa haki zote, kila mahali, bila mwisho, kwa malipo ya siku moja ya studio. Jamaa ana uwezo wa kuchambua shairi la bahari ubeti kwa ubeti, lakini hicho kifungu alikiruka kama matangazo. Leo sauti yake inatumika kwenye tangazo na hapati hata shilingi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki kwenye kazi ya fasihi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hicho ndicho kitu alichouza kwa pesa ya lanchi na nauli.

Kodi nayo ipo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilituletea sisi watengeneza maudhui makato ya 5% kabla pesa haijakufikia. Ritani ni kabla ya Juni 30 kuisha, na ukichelewa faini inaanzia 2,000. Hayo hukuyasikia darasani kwa ushairi, si ndio?

Kuna watakaonitajia Henry Chakava. Alisoma fasihi na falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia Heinemann kama mhariri mwaka 1972, akapanda hadi kuiongoza hapa Nairobi. Kampuni ikaja kuwa mikononi mwa wenyeji, na tangu 1992 tunaijua kama East African Educational Publishers. Hakuhitaji maina, watasema. Sawa, lakini alikuwa na kazi ya kumfunza biashara akiwa analipwa. Nionyeshe nani anakupa hiyo nafasi sasa hivi, na wewe bado unaombwa uzoefu wa miaka mitatu kwa intanshipu. Na kampuni hainunuliwi kwa kupenda riwaya peke yake. Ila bila kupenda riwaya, angechapisha nini?

Kwa hivyo ukienda kwa mshauri wako, usiulize maina gani ni rahisi. Zile yuniti za kuchora michoro ya uongozi na kutaja sifa za mjasiriamali bora, zikimbie ukiruhusiwa. Nenda palipo na hesabu na palipo na sheria. Na kama ratiba au karo haikubali maina nzima, chukua mbili tu, uhasibu wa kwanza na sheria ya mikataba, halafu zile krediti zilizobaki zirudishe kwa Kifaransa.