Ukitaja albamu, taja na sababu

Kila Desemba simu hujaa orodha. Huyu anarusha picha ya albamu alizosikiliza zaidi mwaka mzima, yule anajibu kwa zake, wa tatu anaweka alama ya moto, na mazungumzo yanaishia hapo. Tangu Spotify ilipofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, programu yenyewe humhesabia msikilizaji dakika zake na kumkabidhi kadi ya rangi, tayari kwa kutumiwa marafiki. Kadi inasema alisikiliza nini na kwa muda gani. Kwa nini aliisikiliza albamu fulani, haisemi, na hilo ndilo jambo ambalo rafiki angelihitaji ili naye atenge saa nzima aisikilize.

Chukua Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001. Ukimwambia kijana aliyezaliwa mwaka huohuo kwamba ni albamu kali, atatikisa kichwa na kuendelea na yake. Mwambie kwamba ndani yake mna "Ndio Mzee", ambamo msanii anajivika sauti ya mwanasiasa anayemwaga ahadi jukwaani huku umati ukimwitikia. Kisha mwambie kwamba mwaka 2015 msanii huyohuyo alipanda jukwaani kweli, akaomba kura Mikumi na kuingia bungeni. Hapo kijana ataitafuta. Ahadi zile zitamfikia mara mbili: kwanza kama kejeli ya kijana kwa wakubwa, halafu kama deni ambalo mwimbaji alikuja kujitwisha mwenyewe.

Afrika Mashariki haikuanza jana kuambiana inachosikiliza. Enzi za kadi za salamu, msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu, jamaa na marafiki, akaandika ujumbe wake na kuituma redioni. Mtangazaji alisoma majina yale moja baada ya jingine, na ndipo muziki ukapigwa. Uzuri wa salamu zile ni kwamba wimbo haukwenda peke yake. Ulitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na mara nyingi palikuwa na jambo katikati yao: harusi, ugonjwa, mtoto aliye shule ya bweni, kaka aliyehamia mji mwingine na hajarudi.

Lakini kilichosafiri ni wimbo mmoja mmoja, na kulikuwa na sababu. Bendi za dansi za Tanzania zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zao zikabaki katika maktaba ya redio. Santuri zilichapwa Nairobi, nyingi zikiwa ndogo, wimbo mrefu ukikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, mashabiki walimjua kwa nyimbo zake, wala si kwa albamu. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilikuja kukusanywa baadaye katika mfululizo wa Ukumbusho. Kwa hiyo mazoea ya kuiketia kazi nzima ya msanii mmoja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, yalichelewa kukomaa. Bado ni machanga.

Pwani ina somo lake. Mombasa, kanda za taarabu zilikuwa na wasikilizaji waliokaa nazo upande wa kwanza na wa pili bila kuruka kitu, na maelezo yalikuwa sehemu ya starehe. Taarabu ni mafumbo. Asiyeambiwa wimbo ulimlenga nani na ulitungwa kwa kisa gani husikia fidla na sauti tu. Ndiyo maana wapenzi wa mwimbaji Juma Bhalo hawaishii kusema "sikiliza Bhalo". Watakwambia lahani hii ameichukua kwenye filamu ya Kihindi, na maneno haya ni ya Ahmad Nassir, mshairi na jamaa yake. Watabishana hadi usiku kuhusu maana ya beti mbili. Huo ni uhakiki kamili, unaofanyika barazani kila siku bila kuitwa uhakiki.

Hapa ndipo penye uchungu. Maelezo ya namna hiyo, yakiandikwa, mara nyingi huandikwa mbali na kwa lugha nyingine. Kampuni ya Buda Musique ya Paris ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005, na juzuu ya kwanza ikawa ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ikitimiza miaka 100. Zilifuata juzuu za taarabu ya Mombasa, za muziki wa dansi, na moja ya mwimbaji Bi Kidude. Kila diski ina kijitabu kinachoeleza waimbaji, vyombo na historia, kwa Kifaransa na Kiingereza. Msikilizaji wa Ufaransa anajua nani anapiga kanuni na wimbo ulirekodiwa lini. Mzaliwa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye nyimbo zile zimeimbwa kwa lugha ya mama yake, hana ukurasa hata mmoja alioandikiwa yeye. Waliotoa diski hizo wanastahili shukrani, kwani kuna kanda ambazo zingeozea kabatini. Pengo lililobaki ni letu kuliziba.

Remmy Ongala ni mfano mwingine, na huo unauma zaidi. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kuwa sura na sauti ya bendi ya Super Matimila. Albamu yake ya Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, Uingereza. Jina la jaladani ni la Kiingereza, lakini ndani kuna "Karola", "Kipenda Roho", "Muziki Asili Yake Wapi" na "Sauti ya Mnyonge". Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Abiria wanashuka hapo asubuhi na jioni, na wengi wao hawajawahi kuisikiliza albamu hiyo mwanzo hadi mwisho.

Waisikilize, na sababu ni hii. Magitaa yanapishana kwa wepesi, moja likiuliza na jingine likijibu, na mguu unaanza kucheza wenyewe kabla sikio halijayafikia maneno. Maneno yakifika, ni ya mtu anayemsemea asiye na kitu. Furaha ya mdundo haiyafuti, wala uzito wa maneno hauuzimi mdundo. Wimbo mmoja ukipigwa baa unaweza kupita kama wimbo wa kuchezwa tu. Ukisikiliza albamu nzima unaona kwamba Remmy alifanya hivyo makusudi, wimbo baada ya wimbo, na ndipo unaelewa kwa nini watu walimwita Dokta.

Wako wanaosema albamu imekufa, siku hizi ni wimbo na video yake. Hoja yao ina ushahidi. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz ilipotoka mwaka 2018, ilikuwa na nyimbo nyingi ambazo mashabiki walikwisha kuzikariri, zikiwemo "Number One" na "Nana". Ilisomeka zaidi kama kumbukumbu ya ushindi wake kuliko kazi iliyofumwa kwa pamoja. Hata hivyo, si albamu zote ziko hivyo. Lady Jaydee alijenga jina lake albamu kwa albamu: Machozi, kisha Binti mwaka 2003, Moto mwaka 2005, Shukrani mwaka 2007. Anayezifuata kwa mpangilio huo anamsikia mwanamke akikua mbele yake. Sauti Sol walipotoa Midnight Train mwaka 2020, "Suzanna" iliteka kila matatu, lakini msikilizaji anayemwelekeza mwenzake aende hadi "Brighter Days", walipoimba pamoja na Soweto Gospel Choir, anamfungulia chumba kingine kabisa cha nyumba ileile.

Sababu nzuri haina haja ya kuwa ndefu wala ya kitaalamu. Idadi ya watazamaji si sababu, na nyota tano hazimwambii mtu chochote. Inatosha kuonyesha mahali. Siti of Unguja ya mwaka 2020, kwa mfano, imeimbwa na Siti Muharam, kitukuu wa mwimbaji Siti binti Saad, yule ambaye sauti yake ilitiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Mtu akiijua nasaba hiyo, ataitafuta na santuri ya bibi, azisikilize zote mbili kwa zamu, na kesho yake atakuwa na maoni yake mwenyewe.

Magazeti ya Kiswahili yana kurasa za burudani kila siku, na sehemu kubwa yake inaliwa na nani kaachana na nani. Mistari 20 tu kila Jumamosi ingetosha kwa wasomaji wenyewe: fundi cherehani wa Tandika, mwalimu wa Kisumu, dereva wa lori wa Bukavu, bibi wa Muscat anayeijua taarabu ya Unguja kwa moyo. Mhariri awaombe vitu vitatu: jina la albamu, wimbo wa kuanzia, na sababu. Atakayesema Remmy aanzwe na "Karola" na atakayesema "Sauti ya Mnyonge" hawatakubaliana, na ubishi wao uchapwe wiki inayofuata.