Hedhi na masomo: kwa nini kugawa kotex peke yake haitoshi

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya serikali ni ya bure katika nchi yetu. Lakini wasichana wengi wanaona mwezi wa kwanza karibu na darasa la sita, pale pale bure inapoishia na mzazi anaanza tena kulipa. Katika jamaa yenye kukosa, pesa inagawanywa: unga, minerval, kotex. Kila mtu anajua ni nini kinaondolewa kwanza.

Asiye na kotex anatumia kipande cha kitenge kizee. Akiogopa kuchafua unifomu, anabaki nyumbani siku tatu ao ine. Interro inapita, na mwisho wa mwaka watu wanasema: « Huyu mutoto hana akili. » Wengine wanapewa pesa ya kotex na mwanaume mwenye kudai kitu kingine.

Katika makambi ya wahami kuzunguka Goma, mbele yavunjwe Februari 2025, mashirika yaligawa kotex za kutupa. Ni msaada mzuri, ila pakiti inaisha haraka. Kotex za kitambaa zinaweza kudumu mwaka na zaidi, na fundi wa cherehani wa kartie anaweza kuzishona. Lakini zinaomba maji, sabuni na jua. Pale bidon ya maji inanunuliwa, msichana anafua kidogo, na kwa haya anaanika chini ya godoro. Kitambaa chenye unyevu kinaweza kuleta magonjwa.

Na kodi je? Kenya iliondoa TVA kwa kotex mwaka 2004, Rwanda Desemba 2019. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha 2019, juu serikali iliona bei madukani haikushuka. Fundisho ni wazi: bila kufuatilia bei, faida inabaki kwa muuzaji. Huku kwetu, barabara mbaya na vizuizi vya njiani navyo vinaingia katika bei.

Kuna mambo yasiyongojea Kinshasa. Masomo iwe na choo cha wasichana chenye mlango wa kufunga, maji na sabuni. Komite ya wazazi inunue kitambaa, mafundi washone.

Na ninyi wababa munaotusikiliza: kotex iingie katika hesabu ya nyumba, pamoja na chumvi na sabuni, mbele binti alazimike kuomba.