Chakula cha Mchana Shuleni na Deni la Mzazi

Ndugu wanachama, twataka leo kusema neno juu ya saa ya chakula mashuleni, jambo ambalo laonekana dogo mbele ya mambo ya mishahara na vyeo tuliyozoea kuyaandika katika karatasi hii, walakini lagusa nyumba ya kila mmoja wetu mwenye mtoto. Ukiingia katika ofisi ya Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi yo yote nchini Tanzania utaiona ratiba imebandikwa ukutani. Kila kipindi kina kitu chake: Hesabu ina mwalimu, Kiswahili kina kitabu, hata michezo ina mpira, ingawa wa matambara. Lakini kipindi cha chakula, katika shule nyingi za kutwa, hakina kitu ila kengele. Kengele hulia, watoto hutoka nje. Baada ya muda kengele hulia tena, nao huingia kama walivyotoka.

Tuitazame siku ya mtoto huyo. Masomo huanza yapata saa 2 asubuhi, na mwenye kukaa mbali hana budi kuondoka kwao kabla jua halijachomoza. Wengi huondoka bila kutia kitu kinywani, maana mama naye amekwisha kwenda shamba au sokoni. Ikifika saa 6 na nusu, mtoto huyo amekaa na njaa saa sita au zaidi, na bado anangojewa na vipindi vya alasiri. Walio karibu huambiwa waende kwao wakale. Wengine hawana cha kula huko, na wengine hula wasirudi. Mwalimu wa kipindi cha mwisho husomesha madawati. Katika daftari la mahudhurio, lililokwisha jazwa asubuhi, watoto wote wapo.

Twajua kwamba Serikali imetenda jambo kubwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na tangu Januari 2016 watoto walimiminika shuleni hata madarasa yakawa hayawatoshi. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki juu ya mzazi, kwa njia ya mchango ambao wazazi wanakubaliana wenyewe katika mkutano. Hatuupingi mpango huo, wala hatudhani kwamba Hazina yaweza kesho kupikia kila mtoto wa nchi hii. Tunalouliza ni hili moja: wazazi wakisha kukubaliana, na sufuria ikisha kuwekwa motoni, afanywe nini mtoto ambaye baba yake hakutoa?

Zipo shule ambako jibu limekwisha tolewa, nalo ni baya. Majina husomwa mstarini asubuhi. Wakati wa makande, waliolipiwa hupanga foleni na sahani zao, na wasiolipiwa huambiwa wakae chini ya mwembe au wazunguke nyuma ya darasa wasiwatazame wenzao. Pengine mtoto yule yule ndiye aliyebeba kuni asubuhi na maji mchana kwa ajili ya sufuria ile. Mtoto wa miaka minane hana mshahara wala shamba. Hakuhudhuria mkutano ule, hakupiga kura, wala hakuahidi kitu. Deni ni la mtu mzima, na adhabu yampata asiyedaiwa. Katika afisi zetu, karani akikata mshahara wa Juma kwa sababu ya deni la Hamisi angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Shuleni jambo hilo huitwa utaratibu.

Wanachama wengi ni watu wa hesabu, basi na tufanye hesabu. Tukikadiria kwamba mtoto mmoja apewe gramu 120 za mahindi kwa siku, na mwaka wa masomo ni siku 194, mtoto huyo atakula kilo 23 na robo kwa mwaka, yaani debe moja na ziada kidogo. Maharage, chumvi na mafuta tunayaweka kando. Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja mzigo huo si mzito hasa wakati wa mavuno. Kwa mwenye watoto wanne ni kilo 93, gunia zima kasoro kidogo, na hapo ndipo pa kuelewa kwa nini wengine hushindwa bila ya kuwa wavivu wala wakaidi.

Sasa tuchukue shule yenye watoto 400, na tuseme 80 kati yao hawakuchangiwa. Kuwalisha hao kwahitaji kilo 9 na gramu 600 kwa siku. Tukiugawa mzigo huo kwa wale 320 waliotoa, kila mmoja atazidishiwa gramu 30 kwa siku: ukufi mmoja wa mahindi. Kwa mwaka mzima ni kilo 6 kasoro kidogo. Hiyo ndiyo bei ya kutomwondoa mtoto ye yote katika foleni, katika shule ambayo mmoja kwa kila watano hakuchangiwa. Wengine watasema ni nyingi. Sisi twaona ni bei ambayo mkutano wa wazazi waweza kuelezwa na kuamua, lakini mara nyingi haitajwi kabisa, maana hakuna aliyeipiga hesabu.

Hapa tutaambiwa: "Mkiwalisha wasiotoa, mwaka ujao hatatoa mtu." Neno hilo lina nguvu, wala hatulidharau, tumeona vyama vingi vya kuzikana vikifa kwa ugonjwa huo huo. Lakini dawa yake ni kumfuata mdaiwa mwenyewe, na jambo hili limekwisha fanywa zamani mahali pengine. Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuziruhusu serikali za miji kuwapa chakula watoto wa shule. Sheria ile ilitenga mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Mtoto alipewa chakula. Mzazi mwenye uwezo alitakiwa kulipa, na asipolipa alidaiwa kama mdaiwa mwingine ye yote. Tena iliandikwa humo kwamba mzazi aliyeshindwa kulipa hatapoteza kwa sababu hiyo haki yake ya kupiga kura, na katika nchi ile, wakati ule, maskini aliyepokea msaada wa umma aliweza kuipoteza. Mwaka uliofuata, mji wa Bradford ulilisha watoto wapatao 40 ukiwapima uzito. Walipolishwa uzito ulipanda, shule zilipofungwa kwa likizo ukashuka, walipolishwa tena ukapanda. Hata hivyo ilichukua mpaka mwaka 1944 ruhusa ile kugeuzwa kuwa wajibu. Nchi ya Finland ilikwenda mbio zaidi: ilitunga sheria mwaka 1943, ikiwa katikati ya vita, na tangu mwaka 1948 mtoto wa shule ya msingi alipewa chakula bila malipo, wa tajiri na wa maskini.

Wala tusidhani kwamba aibu hii ni ya nchi maskini peke yake. Katika mji wa Salt Lake City, Marekani, Januari 2014, watoto wapatao 40 wa shule moja walinyang'anywa sahani zao walipokwisha pakuliwa, na chakula kikatupwa jaani, kwa kuwa hesabu za wazazi wao zilikuwa na deni. Chakula kile hakikuokoa senti moja. Baadaye, mwaka 2017, jimbo la New Mexico lilitunga sheria ya kukataza mambo ya namna hiyo: mtoto asipigwe muhuri mkononi, asifanyizwe kazi ya kufagia badala ya malipo, chakula alichokwisha pewa kisitupwe, na habari za deni ziongelewe na mzazi wala si mtoto. Haikuwa sheria ya kutoa fedha nyingi. Ilikuwa sheria ya adabu, na sheria ya adabu hata Kamati ya Shule yaweza kuipitisha kwa mkutano mmoja.

Karibu nasi zaidi, Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa majiko makubwa yanayopikia shule nyingi kwa pamoja, na mzazi akalipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na wengine, Serikali ya Kaunti ikiwa mmoja wao. Tunalolisifu huko si majiko. Ni kwamba mzazi hutuma fedha kwa simu, na mtoto hupitisha tu bangili yake mbele ya kifaa, pasipo kushika sarafu wala kusomewa jina. Vijiji vyetu havina vifaa hivyo, lakini daftari lililofungwa ndani ya kabati la Mwalimu Mkuu laweza kufanya kazi ile ile, mradi lisifunguliwe mstarini.

Jambo jingine ni nani hulishwa kwanza. Katika shule nyingi, chakula kikiwa kichache, hupewa Darasa la Nne na Darasa la Saba, kwa kuwa wana mtihani wa Taifa na hubaki kwa masomo ya ziada. Twaelewa sababu, shule hupimwa kwa mtihani, na mwalimu hulaumiwa kwa mtihani. Lakini mtoto wa Darasa la Kwanza, ambaye ndiyo kwanza anajifunza herufi, na ambaye tumbo lake ni dogo na halistahimili, ndiye anayerudishwa kwao mikono mitupu. Huko ni kuinyima maji miche na kuinyeshea mihindi iliyokwisha toa mbelewele. Kama chakula hakitoshi wote, twaona bora uji wa saa 4 kwa shule nzima kuliko makande ya saa 7 kwa madarasa mawili. Uji huhitaji unga mchache na kuni chache, na humkuta mtoto kabla njaa haijamshinda. (Twakiri kwamba makande yaliyolala yakapashwa moto hayana mfano, lakini hayo si hoja ya leo.)

Sasa twaja kwa makarani wenyewe. Mipango hii hufa kwa uchache wa mahindi, na hufa vile vile kwa uchache wa madaftari. Wazazi hutoa mwaka wa kwanza; mwaka wa pili wasikia kwamba magunia matatu hayakuonekana; mwaka wa tatu hawaji mkutanoni. Shule ya watoto 400, kwa kipimo tulichotaja, yapokea magunia 93 kwa mwaka. Huo ni mzigo wa ghala, wenye kutaka hati ya kupokea, hati ya kutoa, na mizani. Kazi hiyo haimfai mwalimu mwenye madarasa matatu mkononi. Mwanachama anayekaa karibu na shule aweza kujitolea Jumamosi moja kwa mwezi kukagua daftari la ghala na kubandika jumla yake mlangoni, mahali ambapo kila mzazi ataisoma. Tena na aangalie mahindi yenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyorundikwa sakafuni kabla ya kukauka sawasawa ni mahali pake pa kuzaliana. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Shamba la shule nalo lisisahauliwe. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule zilime, na mashamba mengi yapo mpaka leo. Lakini mavuno yakiuzwa kununulia chaki, watoto waliolima hawaonji. Twapendekeza mavuno yahesabiwe kwanza kwa ajili ya wale wasiochangiwa. Na mzazi asiye na mahindi aruhusiwe kutoa kuni, au siku zake za kulima, au zamu ya kupika, ziandikwe kwa thamani yake katika daftari lile lile ili asiitwe mdaiwa. Kuhusu nyumba zilizo fukara kabisa, hizo zinajulikana. Nyingi ziliwahi kuorodheshwa na TASAF, na Mtendaji wa Kijiji ana majina. Hizo ndizo tunazoomba Halmashauri zizitengee fungu katika makisio, maana fungu hilo ni dogo nalo lina mwisho unaoonekana.

Kamati ya Chama itakutana na maofisa wa elimu robo ya mwaka ijayo, nayo haitaki kwenda na malalamiko matupu. Kwa hiyo twawaomba wanachama wote mtuandikie, kila mmoja kwa shule anayosoma mtoto wake au iliyo jirani naye: idadi ya watoto walioandikishwa; idadi ya wanaokula; saa wanayokula; kipimo cha mchango na namna unavyokusanywa; na hasa, mtoto asiyechangiwa hukaa wapi wenzake wanapokula. Jina la shule si lazima. Barua zifike kwa Katibu kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao, na atakayeweza kuambatisha nakala ya daftari la ghala atakuwa ametusaidia zaidi.