Shaba Ina Njia. Mtu Atembee Wapi?



Mjini New York, Marekani, ipo reli iliyojengwa juu ya nguzo. Treni ya mwisho ilipita hapo mwaka 1980. Mwaka 1999 wakazi wawili walianza kuitetea isibomolewe, na mwaka 2009 ikafunguliwa kuwa bustani. Leo watu hutembea polepole kati ya maua, pale yalipopita mabehewa ya mizigo.

Reli yetu ya Kolwezi haijafa. Mwaka 1931 iliunganishwa na ile ya bandari ya Lobito, na baada ya miaka mingi ya vita vya Angola, shaba inaishika tena njia hiyo. Hatuombi reli igeuzwe bustani. Twauliza tu: shaba imepewa njia hadi baharini, je, baba na kaka zetu washindao mgodini wamepewa mahali pa kupumzika jioni, mbali na vumbi la malori?

Katika waraka Laudato si' (2015), Baba Mtakatifu Fransisko alisikitika kwamba maeneo mazuri ya kijani hutengewa wachache. Hata New York, kodi za nyumba jirani zilipanda, na wanyonge wakajiona wageni. Uzuri usiomkaribisha maskini haujakamilika.

Wawili walitosha kuanza. Nasi tuanze na uwanja wa parokia: miti, mabenchi, lango lililo wazi kwa wote. Kisha twende pamoja kwa wakuu wa mji, tukaombe bustani ya watu wote kabla viwanja havijaisha. Mungu alipomwumba mtu, alimweka bustanini.