Dawa ya Homa ya Mtoto: Tuheshimu Kipimo Kama Kazini

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kule mgodini hakuna anayetia baruti kwa kukisia. Fundi wa baruti anasoma maandishi ya sanduku, anahesabu, anaandika katika daftari, ndipo anapasua mwamba. Anajua kosa la kipimo litamletea nini yeye na wenzake. Lakini jioni mtu yule yule anarudi nyumbani, anamkuta mtoto anachemka homa. Anatia mkono ndani ya mfuko wa plastiki wenye vidonge vyeupe visivyo na jina, anavunja kimoja kwa macho, anampa. Homa isiposhuka, anaongeza kingine. Je, mwamba una heshima kuliko mtoto?

Kwa maoni yetu, nyumbani tunafanya makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kukisia kipimo. Parasetamoli ni dawa nzuri ya homa na maumivu, lakini inapimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila saa 6, wala si zaidi ya mara 4 kwa siku moja, mchana na usiku. Mtoto wa kilo 10 anatosheka na robo ya kidonge cha miligramu 500. Wa kilo 20 anatosheka na nusu. Dawa ya maji nayo ina mtego wake. Chupa moja ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine ina 250. Kijiko ni kile kile, lakini dawa ni mara mbili! Parasetamoli ikizidi inaharibu ini, na mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kumbe ubaya unakuja nyuma.

Kosa la pili ni kumpa mtoto dawa tusiyoijua. Aspirini inayokusaidia wewe kichwa kikiuma si ya watoto. Ilionekana kwamba mtoto mwenye mafua au tetekuwanga akipewa aspirini, anaweza kupata ugonjwa mkali wa ubongo na ini. Huko Marekani walihesabu wagonjwa 555 wa namna hiyo katika mwaka 1980. Wazazi walipoonywa, ugonjwa huo ulipungua sana. Na karibu nasi, huko Ituri, tangu mwisho wa mwaka 2014 hadi 2015, zaidi ya watu 900, watoto wadogo pia, walikazika shingo, uso na ulimi. Waganga walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kumbe watu walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam, lakini ndani mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Wapo waliokufa. Kama chupa yenye jina iliweza kusema uongo, kidonge kisicho na jina kitakuambia nini?

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote: kufikiri kwamba homa ikishuka, ugonjwa umekwisha. Hapa kwetu Kabambare homa ya mtoto mara nyingi ni malaria. Parasetamoli inapoza mwili, haiui malaria hata kidogo. Mtoto anapewa dawa jioni, anatoka jasho, anacheza, mama anafurahi. Usiku wa manane homa inarudi. Anapewa tena. Siku zinapita hivyo, mpaka degedege linamshika, na damu imekwisha kupungua. Siku zile ndizo tulizopoteza.

Wengine watasema: kituo cha afya ni mbali, njia ni mbaya, na muuza dawa yuko hapa sokoni. Ni kweli. Mtu wa Salamabila au wa Wamaza hahitaji kuelezwa habari ya njia wakati wa mvua. Lakini muuza dawa wa sokoni hapimi damu. Kituoni wanatoa tone moja la damu kidoleni, na kwa muda usiofika nusu saa mnajua kama ni malaria. Jirani zetu wa Kasongo walijulikana mbali tangu miaka ya 1970 kwa kuonyesha kwamba vituo vya afya vya vijijini, vikifuatana vizuri na hospitali, vinaweza kutunza watu wengi. Basi tuvitumie.

Kwa hiyo, nyumbani kwako:

1. Mpime mtoto uzito kituoni, uandike kilo zake.
2. Usimpe dawa isiyo na jina, nguvu na tarehe ya mwisho.
3. Andika saa uliyompa, ili baba na mama wasimpe mara mbili.
4. Usichanganye dawa ya homa na dawa ya mafua bila kusoma. Nyingi zina parasetamoli ndani.
5. Weka dawa juu, mahali watoto hawafiki.
6. Mtoto mwenye homa afike kituoni kabla ya saa 24 kupita, hata kama homa imeshuka.
7. Usingoje hata saa moja kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, analegea, anapumua mbio, au hajafikisha miezi 2.

Ndugu, ukiona mwenzako anakisia baruti, utamzuia. Mzuie pia anayekisia dawa ya mtoto, hata kama ni wewe mwenyewe.