Kisangani: Zana za programu ziwekwe wapi ndani ya Linux?

Mjini Kisangani, jimbo la Tshopo, mwanafunzi anayejifunza kuandika programu anaweza kulipa mara mbili. Ananunua mega ili kupakua zana, kisha anazipakua tena kwa sababu kompyuta "haizioni". Mara nyingi zana hizo hazikupotea. Ziko ndani ya mashine, ila katika folda ambayo mfumo hauitafuti.

Jibu la swali hili ni la zamani. Februari 1994, watengenezaji wa Linux walitoa kanuni ya kwanza ya kupanga folda. Toleo la 3.0 la kanuni hiyo lilitoka Juni 2015. Kwa ufupi, programu zinazoletwa na mfumo wenyewe hukaa ndani ya /usr. Zile ambazo msimamizi wa mashine anaongeza mwenyewe hukaa /usr/local. Vifurushi vikubwa vya kutoka nje huenda /opt.

Tatizo ni kwamba lugha za programu zimejiwekea desturi zao. Rust huweka zana zake katika folda ya mtumiaji iitwayo .cargo, na Go hutumia folda yake iitwayo go. Wanafunzi kumi wakitumia kompyuta moja, kila mmoja kwa jina lake, kitu kilekile kinaweza kupakuliwa mara kumi.

Kwa upande wa Python, Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikaza kamba: pip inakataa kugusa Python ya mfumo, na mtumiaji anatakiwa kutengeneza mazingira ya pekee kwa kila mradi. Hatua hiyo inalinda mashine isiharibike. Lakini kila mradi unabeba nakala yake, na mahali ambapo mega ni ghali, ulinzi huo una bei.

Kanuni basi ipo. Kinachohitajika ni uamuzi wa wenye mashine. Chuo kikuu, shule au kituo cha mafunzo kinaweza kuamua hivi: zana za wote ziwekwe mara moja na msimamizi, majaribio yabaki katika folda ya kila mtu, na nakala ya vifurushi ihifadhiwe kwenye seva ya ndani. Kazi hiyo inadai mtu wa kuifuatilia na kusasisha zana. Asipokuwepo, mzigo utaendelea kubebwa na mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi.